Pini ya Tanuri na Mama Mkwe

Nitawasimulia, lakini niacheni kwanza nicheke mwenyewe, ili mtakapocheka nyinyi isiniume sana. Aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mdachi. Nyusi zimeungua zikaota upya, nywele zimeota zikawa nyeupe, na mpaka leo nikipita sokoni Morogoro siku ya watu wengi hakosekani mzee mmoja wa kuanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na wenzake wakaangua kicheko, nami nikaongeza mwendo kama mtu aliyesahau chungu motoni (na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa, nilisahau chungu motoni, ila chungu chenyewe kilikuwa kikubwa kama nyumba).

Wakati huo nilikuwa mpika moto katika kiwanda cha mkonge, kwenye shamba moja la Wadachi pande za Mafiga, pale pale kando ya njia ya watu wanaoteremka kutoka Mlali kuja mjini. Msidhani kupika moto ilikuwa kazi ya kukaa unapuliza. Palikuwa na boila, pipa la chuma lililolala ubavu na kujaa maji, chini yake tanuri la kuni. Maji yakichemka mvuke unasukuma mashine, mashine inakamua majani ya mkonge, na upande wa pili zinatoka singa, zile nyuzi ndefu za mkonge, zimelowa majimaji ya kijani yanayowasha kama upupu. Moto ukilegea mashine inalegea, na mashine ikilegea kiwanda kizima kinageuza shingo kumtazama mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi Ramadhani, kifua wazi, shuka kiunoni, koleo mkononi.

Sasa moto ule ulikuwa na adabu zake. Mahali bomba la moshi lilipoanzia palikuwa na kilango cha chuma. Ukikifungua moto unaamka, ukikifunga moto unalala. Hatari yake ni kwamba ukikifunga wakati kuni zimejaa tanurini, moshi hauna pa kwenda, unajazana mle ndani mzito, moto na wenye njaa ya hewa, na ole wake atakayefungua mlango wa tanuri wakati huo, maana hewa ikiingia tu moshi wote unawaka kwa mpigo mmoja na kutokea mlangoni kumtafuta aliyeufungua. Mpika moto aliyenitangulia aliungua uso hivyo hivyo, akaenda kwao na hakurudi tena.

Ndipo fundi wa Kidachi aliyesimamia mashine (sisi tulimwita Bwana Fundi, basi) akabuni mtego wake. Alifunga mnyororo kutoka kwenye kile kilango cha moshi mpaka kwenye komeo la mlango wa tanuri, na kiungo cha vyote viwili kilikuwa pini ya chuma, urefu wa kidole cha kati, ambayo aliichonga mwenyewe kwa tupa siku mbili nzima, anachonga, anaipima tunduni, anaguna, anachonga tena. Pini ikiwa mahali pake, ukifunga kilango cha moshi komeo linashuka lenyewe, na mlango wa tanuri haufunguki hata uuvute kwa jozi ya ng'ombe. Mpaka ufungue kilango kwanza, ndipo komeo linapanda. Na hata likipanda usiwe na haraka, unatakiwa kuhesabu mpaka sitini ili moshi wa zamani utoke wote. Amri yake ilikuwa fupi, kilango, sitini, mlango, na alinifanya niirudie mbele yake kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu.

Mimi pini ile niliichukia. Ni mtu nisiyetulia, mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa njiani, na pini ile ilikuwa na tabia ya kukwama chuma kikishika joto, mpaka uigonge kwa nyundo, na wakati unaigonga mvuke unashuka na watu wanakutazama. Kwa hiyo nikaanza kamchezo. Asubuhi Bwana Fundi akishapita kukagua, mimi naichomoa pini, naifunga kwenye pindo la shuka yangu, nafanya kazi mlango ukiwa huru, jioni nairudisha tunduni, na yeye anapita tena anaikuta imekaa kama mwali. Nilijiambia pini ni ya wajinga wasiojua kuhesabu, na mimi kuhesabu najua. (Najua. Hakuna siku niliyosahau kuhesabu. Lakini sikujiuliza kama kila atakayeshika mlango ule atakuwa mimi.)

Mwaka huo nilikuwa nimemposa Tausi wa Mlali. Kwetu Uluguru mnajua wenyewe, mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli ya mwisho ni mjomba, na mjomba wa Tausi, Mzee Shomari, alikuwa na shaka nami. Mshenga wangu alikuwa Masanja, Mnyamwezi tuliyefanya kazi pamoja, yeye ndiye aliyekuwa akilisha majani kwenye mashine, na aliporudi kutoka Mlali mara ya kwanza aliniletea jibu hili, "Mjomba anasema amesikia wewe ni mpishi wa Wadachi. Anasema hajapata kumwoza mpwa wake kwa mpishi."

Iliniuma. Nikamrudisha Masanja na maneno mazito, kwamba sipiki wali, napika chuma, na kwamba bila mimi mashine yote ile hailii, na mjomba akitaka kuhakikisha aje aone kwa macho yake. Maneno yale niliyatoa kwa kiburi tu, kama mtu anavyosema karibu chakula huku sahani iko tupu. Sikudhani mzee wa milimani angeacha shamba lake aje kutazama moto.

Alikuja. Tena hakuja peke yake. Ilikuwa siku ya soko, jua limeshapanda, Bwana Fundi yuko chini kwenye kamba za kuanikia singa anagombana na watu wa huko, na mimi nimetoka kufungua mlango wa tanuri ili niongeze kuni, mara Masanja ananijia mbio mikono inachuruzika maji ya mkonge.

"Ramadhani, wakwe zako wale wanakuja. Mjomba yuko mbele na tenga la ndizi. Nyuma yake yule mama."

"Mama gani?"

"Mama gani tena? Mama Tausi."

Hapo ndipo mwili wangu wote ulipopoteza adabu. Nyinyi vijana wa siku hizi mnakaa na mama mkwe mnakunywa naye chai, lakini sisi mama mkwe hatazamwi. Ukikutana naye njiani unaingia majanini na kumpa mgongo mpaka apite, huli mbele yake, humtaji jina, na neno lako kwake linapelekwa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo heshima, na anayeivunja huitwa mtu asiye na kwao. Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naposa, kifua wazi, nimepakaa masizi, nina shuka moja ya kazi ambayo jasho limeifanya ionyeshe mwili, na kanzu yangu safi inaning'inia kwenye msumari upande wa pili wa uwanja, kwenye njia ile ile wanayokuja nayo.

Nilikimbia kulia, nikarudi, nikakimbia kushoto, nikarudi. Kisha nikafanya jambo lililoonekana la akili sana. Nikasema, moto ule nikiuacha hivi utakunywa maji yote ya boila wakati mimi nimejificha, afadhali niulaze kidogo. Nikatupia kuni tanurini mpaka mlangoni, mbichi na kavu, nikafunga mlango, nikafunga kilango cha moshi, na huyoo nyuma ya rundo la kuni, nikachuchumaa. Nilikusudia kukaa pale muda wa mtu kutafuna pingili moja ya muwa. Watatazama, watamsalimu Masanja, wataona mashine inalia, wataenda zao sokoni, nami nitatoka nikiwa mwanaume mwenye heshima zake zote mbili, ya kazi na ya ukwe.

Nikamsikia Masanja, "Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu Mjomba Shomari, akitua tenga. "Haya, yuko wapi huyo bwana ambaye mashine hailii bila yeye?"

"Ametoka kidogo mzee. Ameitwa."

"Ameitwa na nani?"

Masanja hakuwa mwongo mzuri. Akasema nimeitwa na watu, kisha akajitia kukimbilia majani yake. Mjomba akazunguka boila lile taratibu, akaligusa kwa ncha ya fimbo, akanusa, akaguna. Na yule mama, ambaye alikuwa amebeba maharage kichwani kutoka Mlali mpaka pale, akatafuta pa kupumzisha miguu, akaona rundo la kuni, akaja akaketi juu yake. Juu ya rundo lile lile. Mgongo wake na paji langu la uso vilitenganishwa na magogo mawili.

Sijui kama mmewahi kujificha kwa mtu aliyekukalia. Nilibana pumzi mpaka masikio yakaanza kuvuma. Miguu ilikufa ganzi, na nilipojaribu kuhama kutoka kisigino kimoja kwenda kingine gogo likalia, nikaacha. Siafu walikuwa wameshapata habari zangu, wanapanda kwa safu, mmoja akaniuma nyuma ya goti, mwingine akaendelea juu kutafuta mahali pazuri zaidi. Na ile pini, kwenye pindo la shuka, ilikuwa imegeuka na kunichoma paja kila nilipopumua. Mkono wangu ulitaka kukuna, mguu ulitaka kukimbia, roho ilitaka kuwa mahali pengine popote, hata Mikese, hata pwani, na mimi mzima nimekaa kama jiwe la mpaka.

Ndipo nikasikia mashine inabadili sauti. Ilikuwa ikilia kwa haraka, tukutuku tukutuku, sasa ikaanza kusema tuku, halafu inafikiri, halafu tuku. Mvuke ulikuwa unashuka. Majani yakamkwama Masanja, nikamsikia anayavuta na kutukana kwa Kinyamwezi. Nikajua muda wangu wa kutafuna muwa ulishapita zamani.

"Unaona?" Mjomba akamwambia dada yake. "Moto unakufa huu, na mwenyewe hayupo. Huyu ndiye anayetaka kuoa?"

Mama Tausi akajiweka sawa juu ya magogo, mgongo ukiwa bado kwangu.

Sasa sikilizeni, mtu wa milimani akiona moto unafifia haulizi ni wa nani. Kule juu baridi haina mchezo, na moto wa jirani ukizimika ni msiba wenu wote, kwa hiyo ukipita ukauona unalegea unainama unaupuliza, ndiyo malezi. Mjomba Shomari aliegemeza fimbo yake ukutani, akakunja mikono ya kanzu, akainama mbele ya tanuri, akatoa shuka ndogo begani na kuikunja mkononi ili ashike mpini wa mlango. Nilimwona kupitia uwazi wa magogo. Alikuwa mzee mwenye ndevu nzuri, nyeupe, zimechanwa.

Pini ingekuwa mahali pake angeuvuta mlango ule mpaka achoke, na mimi leo nisingekuwa na hadithi. Lakini pini ilikuwa pajani kwangu.

Hapa ndipo penye aibu yenyewe, hayo mengine ni ya kuchekesha tu. Sikutoka mara moja. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani kitakachotokea, na bado nilikaa. Nilikuwa najiambia labda hataweza, labda mpini utamwunguza aache, labda Masanja ataona, na katikati ya labda zote hizo nilikuwa natazama mgongo wa yule mama na kufikiri nitaonekanaje. Mzee wa watu anataka kuungua, na mimi naogopa kuonekana kifua.

Kisha mpini ukalia, na mguu wangu ukaamua wenyewe. Nikaruka nikipiga kelele, "Usifungue, mjomba, usifungue."

Kuruka kutoka nyuma ya rundo la kuni ambalo mtu amelikalia hakuna namna nzuri. Rundo lilibomoka. Mama Tausi akateremka nalo, magogo yanaviringika, maharage yanamwagika, na mimi napita katikati yao nikimkumba, na gogo moja lenye kijiti likaishika shuka yangu na kubaki nayo. Nilifika kwa mjomba kama nilivyozaliwa. Nikamshika bega na kumvuta nyuma, naye wakati huo huo alikuwa ameshauvuta mlango kiasi cha upana wa kiganja, na tanuri likasema neno moja tu, bufu, na ulimi wa moto ukatoka, ukatulamba nyuso zetu, ukarudi ndani.

Ilikwisha hapo hapo. Tulikuwa tumekaa chini mimi na mjomba, tunatazamana, hana nyusi, sina nyusi, nusu ya ndevu zake imekuwa unga unaonuka kama kwato ya mbuzi wa hitima, macho yetu mazima, alhamdulillahi. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, na chini akaona kulivyo, akayageuza macho.

"Wewe ndiye Ramadhani?" akauliza.

"Ndimi, mjomba. Shikamoo."

Hakuitikia.

Masanja akanitupia kitu cha karibu alichokuwa nacho, fungu la singa mbichi zimetoka mashineni sasa hivi, nikajifunga kiunoni bila kufikiri. Nimewaambia kuhusu yale majimaji ya mkonge. Yalianza kazi yake kabla sijamaliza fundo.

Na ndipo Bwana Fundi akafika mbio, kofia mkononi, watu wote wa kamba za kuanikia wamemfuata nyuma. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama kilango cha moshi, kimefungwa. Akatazama mlango wa tanuri, uko wazi. Akafuata mnyororo kwa kidole, pete kwa pete, mpaka kwenye tundu, akaingiza kidole chake kidogo tunduni kikatokea upande wa pili.

"Pini wapi?"

Mmesikia wenyewe wakati ule mtu alipewa nini kwa kosa dogo, hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na hilo langu halikuwa dogo. Nimesimama mbele ya watu wote wa shamba nimevaa mkonge, nawashwa mahali ambapo sikuweza kukuna, mjomba wa mchumba wangu anajipapasa kidevu, na mama mkwe yuko nyuma yangu kwenye magogo, sithubutu hata kugeuka kuuliza kama ameumia. Ulimi wangu ukanitangulia.

"Imeyeyuka, Bwana. Moto umeiyeyusha."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anapima kichwani kama chuma kile kingeweza kuyeyuka, na nadhani kwa kitambo kidogo alijilaumu mwenyewe, maana uso wake ulilegea. Nilianza kuona njia ya kupita.

Ndipo nyuma yangu ikasikika sauti ya mwanamke, ya taratibu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani.

"Mkwe, imekudondoka hii."

Niligeuka nusu, kama inavyopasa. Alikuwa amesimama katikati ya maharage yake, uso ameuelekeza kule milimani, hakunitazama, na mkono wake mmoja ameunyoosha nyuma kunielekea. Kwenye mkono palikuwa na shuka yangu, imekunjwa vizuri, na juu ya shuka, kati ya vidole viwili, pini.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Bwana Fundi alinipita, akaichukua ile pini kwa adabu kutoka mkononi mwa yule mama, akaifuta, akarudi nayo kwenye mnyororo na kuitia tunduni. Iliingia ikasema kli. Siku hiyo haikukwama hata kidogo.

"Imeyeyuka?" akaniuliza.

Ningeweza kuendelea. Mwongo hakosi mlango wa pili, ningesema iliyeyuka ikadondoka ikaganda, ningesema Masanja, ningesema shetani. Lakini ule mkono ulikuwa bado umenyooshwa na shuka yangu, unangoja niipokee, na nilishindwa kusema uongo mwingine mbele ya mkono ule.

"Hapana, Bwana. Niliitoa mimi. Kila siku naitoa asubuhi, jioni nairudisha. Na leo nilifunga kilango nikaenda kujificha, kwa sababu mama mkwe alikuwa anapita."

Nilimsikia Bwana Fundi akirudia taratibu maneno yale, mama mkwe, kama mtu anayetafuna kitu asichokijua. Kisha akasema nipelekwe bomani. Ya bomani sitawasimulia, anayetaka kuyajua mgongo wangu bado upo. Niseme tu kwamba nililala kifudifudi siku tatu, Masanja ananipaka mafuta ya nazi na kunipa habari. Habari zilikuwa moja tu, kwamba kutoka Mlali hakuna neno.

Kazini nilirudishwa, kwa sharti. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, watu wote wakiwa wamekusanyika, nisimame mbele ya boila, nifungue kilango cha moshi, na nihesabu kwa sauti kubwa mpaka sitini, Bwana Fundi akiwa ameshika saa yake. Siku ya kwanza nilihesabu peke yangu na sauti ikakatika kwenye arobaini. Siku ya tatu wakata majani wakaanza kunisaidia. Baada ya wiki ilikuwa ngoma kamili, wanapiga makofi, wanawake wanaopita na mizigo wanaitikia, watoto wa Mafiga wameijua yote, na hao ndio leo wazee wanaonihesabia sokoni.

Hesabu ile niliizoea. Nilichoshindwa ni kule kungoja. Silali, nikilala naamka, nikikaa nasimama, Masanja akaniambia, "Utatoboa ardhi kwa kuzunguka, nenda Mlali ukajue moja." Basi siku ya mapumziko nikaenda. Nilivaa kanzu, nikajifunga kilemba nikakishusha mpaka pale nyusi zilipokuwa, nikapanda njia ile mgongo unavuta kila hatua, na njia nzima najipangia maneno na kuyatupa.

Mjomba Shomari nilimkuta barazani. Kidevu alikuwa amekinyoa chote. Nilipiga goti, "Shikamoo mjomba," na safari hii akaitikia, "Marahaba," kavu, akanionyesha kwa fimbo njia ya uani. "Mimi nilikuwa na neno langu juu yako," akasema, "lakini dada yangu ameniomba anitangulie. Nenda kasimame nyuma ya ukuta wa jiko, na usichungulie."

Nikaenda nikasimama. Upande wa pili wa ukuta wa miti ule palikuwa na kinu, na mtu anatwanga. Nilimjua kwa jinsi alivyoacha kutwanga niliposimama.

"Kinu," ikasema sauti ile ya taratibu, "mwambie huyo aliye nje kwamba mguu wake niliuona tangu nilipoketi kwenye kuni." Akatwanga mara mbili. "Mwambie nilimpa mgongo ili apate nafasi ya kutoka kwa nyuma aende kwenye moto wake, na yeye hakutoka. Kaka yangu alipoinama, mimi nami niliona haya kusema, nikanyamaza. Tulinyamaza wawili." Mchi ukashuka tena. "Mwambie ile pini niliionyesha makusudi. Nilisikia anamdanganya yule Mdachi, nikataka kujua mwanangu anakwenda kwa mtu gani. Angeikana, ningerudi nyumbani nikavunja posa siku ile ile."

Machozi yalinitoka, sikuyafuta, nani angeniona.

"Mwambie alete mbuzi mmoja, wa kuondoa haya ya siku ile, maana amenigusa na nimemsemesha, na hayo hayaachwi hivi hivi. Akishaleta, mjomba atakubali." Akatwanga kidogo, kisha akasema polepole zaidi, "Na mwambie heshima yangu ataniwekea siku nyingine. Moto hauna mkwe."

Nikajikohoza. "Kinu," nikasema, "mwambie nimesikia."

Mbuzi nilimpeleka, na harusi tulifanya nyusi zangu zikiwa ndiyo kwanza zinachomoza, watu wakasema bwana harusi anafanana na yai. Tausi mpaka leo akinikasirikia huniuliza kama nimeangusha kitu. Pini ile sikuichomoa tena hata siku moja mpaka Wadachi walipoondoka na boila likapoa moja kwa moja, na nikiwa mbele ya moto apite nani, mkwe, mkubwa au jini, sigeuki.

Mama mkwe tuliendelea kupeana migongo miaka yake yote, nje ya kinu hatukusemeshana tena, na alipofariki nilibeba jeneza bila kuwa nimewahi kuujua uso wake. Mkono wake ndio ninaoujua, ulivyonyooka nyuma na pini kati ya vidole viwili. Tausi akiniambia nitazame jiko, hata kama ni jiko la chai tu, nafika, nasimama, nahesabu mpaka sitini, ndipo nanyoosha mkono wangu.